Nimehamia Mombasa kutoka Mwanza, nimepanga nyumba ya makuti karibu na bahari, nianze na nini?

Dada_wa_Nyegezi

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mimi ni Mtanzania, kwetu Mwanza, nimekuja Mombasa kwa mkataba wa kazi na nimepanga nyumba ndogo huku Shanzu, ukitoka mlangoni unapita kichochoro cha mchanga katikati ya nyumba mbili halafu bahari hiyo hapo. Nyumba yenyewe ya kawaida tu, vyumba viwili na sebule, kuta za mawe ya matumbawe, paa la makuti, choo na bafu ndani, jiko liko uani nalo limeezekwa makuti. Naishi na mdogo wangu na mtoto wake wa miaka minne. Kitu kimoja kimenifurahisha sana, nimelipa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja basi, nyumbani ningeambiwa lete ya miezi sita kwa mkupuo.

Sasa naombeni ushauri kwa wanaozijua nyumba za ufukweni, maana mimi nimekulia kando ya ziwa na ziwa halina chumvi wala halipandi na kushuka kila siku. Maji kwanza. Kuna kisima tunachangia na jirani, ukinawa sabuni haitoi povu, maji yanabaki kama maziwa yaliyokatika, na mfereji upo lakini tangu tuingie haujatoa hata tone. Halafu paa, mchana nikilala kitandani naona vitobo vya mwanga juu, mwenye nyumba anasema makuti ndivyo yalivyo, mvua ikinyesha yanavimba yanaziba, ni kweli? Ukuta wa chumbani upande wa bahari nao unatoa unga mweupe, ukipitisha kiganja rangi inabanduka, nilitaka niupige rangi ya mafuta nimalize kazi. Na bahari yenyewe, mtoto haachi kuulizia kwenda kuoga na sijui saa gani ni salama. Nishaurini jamani, hela ni ya mawazo, nianze na kipi kabla sijanunua hata kochi?

Binti_Kisauni

Karibu sana dadangu. Kochi liache kwanza, anza na maji. Hapa mtu akitafuta nyumba haulizi ina vyumba vingapi, anauliza maji je. Maji ya mfereji yanatoka mbali, mengine Mzima Springs huko Tsavo, mengine Baricho kwenye mto Sabaki karibu na Malindi, mengine Marere na Tiwi upande wa kusini, na yote hayo hayatoshi watu waliopo, kwa hivyo kuna mitaa hupata kwa zamu na kuna mifereji imebaki pambo la ukutani. Muulize jirani, si mwenye nyumba, huu mfereji ulitoa maji lini mara ya mwisho na hutoka saa ngapi, manake mara nyingi hutoka usiku wa manane na aliyelala fofofo hapati kitu.

Hayo ya kisima ni maji ya chumvi, yatumie chooni, kudeki, kuoga pia kama ngozi inayavumilia ila mwisho ujisuuze na kopo la maji tamu. Nguo nyeupe usizifulie. Ya kunywa na kupikia nunua kwa wenye mikokoteni, wanauza kwa mtungi wa lita 20, na umchague mmoja uwe kastama wake wa kila siku, manake mfereji ukikauka mtaa mzima bei hupanda siku hiyo hiyo na mitungi inapiganiwa, hapo huyo wako ndiye atakayekukumbuka. Hayo maji tamu nayo yachemshe au utie dawa, hujui yametekwa wapi.

Jambo ambalo nakuomba ulifanye leo leo, pima kwa macho kisima kiko mbali kiasi gani na shimo la choo, lenu na la jirani pia. Ardhi yetu huku ufukweni ni mawe ya matumbawe, yana matundu matundu, maji machafu yanapita chini kwa urahisi sana na mvua zikianza ndio mbaya zaidi. Kama vimekaribiana hayo maji yasiguse mdomo wa mtoto hata kwa mswaki. Kipindupindu tunakijua hapa.

Fundi_Mtwapa

Mimi kazi yangu kuezeka kwa hivyo niongee la paa. Mwenye nyumba hakudanganya ila hakumaliza maneno. Makuti yakilowa huvimba kweli, na vitobo vya ukubwa wa sindano huziba. Sasa fanya hivi, saa sita mchana funga mlango na madirisha, simama katikati ya chumba, ngoja macho yazoee giza halafu tazama juu. Ukiona vinukta vimetawanyika huku na huku hiyo ni kawaida. Ukiona mstari wa mwanga, au mahali pamoja panawaka pakubwa kupita kiganja, hapo pameoza. Kisha toka nje ushike kuti la ukingoni ulikunje kwa vidole, likikunjika bado lina uhai, likivunjika likatoa vumbi hilo paa limezeeka. Tazama pia mgongo wa paa kule juu kabisa, upepo wa bahari hufumua hapo kwanza. Na zile boriti zinapokaa ukutani, ukiona vijia vyembamba vya udongo vinapanda hao ni mchwa, mwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Paa zuri, makuti yamebanana na mteremko ni mkali, hukaa miaka 5 hata 7. Mteremko ukiwa mlegevu maji hutulia juu, hata makuti mapya hayafiki huko. Masika kwa kawaida huanza mwisho wa Machi na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote Mombasa, kwa hivyo kama ni kurekebisha rekebisha sasa, mvua zikianza sisi mafundi wote tuko juu ya mapaa ya watu na makuti makavu huyapati.

Nyingine ni hilo jiko la uani. Usipike kwa makaa wala kuni chini ya makuti, nakusihi. Nimeitwa kuezeka upya nyumba zilizoungua na huku ufukweni haiungui nyumba moja, upepo unachukua cheche unampelekea jirani. Nunua gesi, mtungi wa kilo 6 unatosha watu watatu, na uweke ndoo mbili za mchanga karibu na mlango wa jiko.

Dada_wa_Nyegezi

Asanteni sana, yaani nimepata mwanga. Kaka fundi nimefanya hilo la saa sita, sebuleni na chumbani kwangu ni vinukta tu ila chumba cha mdogo wangu na mtoto kuna mstari kama urefu wa mkono, juu ya kitanda kabisa. Nimemwonyesha mwenye nyumba akasema ninunue nailoni nitandike chini ya makuti halafu hela nikate kwenye kodi. Ni sawa?

Fundi_Mtwapa

Nailoni hapana dada. Makuti hukauka pande mbili, juu kwa jua na chini kwa hewa ya ndani, ukitandika nailoni unyevu unabaki katikati yanaoza upesi, panya wanapata pa kuzalia na chumba kinakuwa joto huwezi kulala. Aje fundi apachike makuti mapya kwenye huo mstari yapishane na ya zamani juu na chini, ni kazi ndogo, haimalizi siku.

Mlikoni_Damu

Fundi hapo nakupinga kidogo. Sisi huku Likoni mvua ilituwahi, tukatandika turubai, watoto wakalala pakavu msimu mzima, mvua zilipokwisha tukalitoa. Mtu asiambiwe hapana akalale na ndoo kitandani.

Fundi_Mtwapa

Kwa dharura sawa, tena wewe umesema neno la maana, mlilitoa. Tatizo ni wengi wakishatandika hulisahau huko juu. Lakini huyu dada bado ana muda, atengeneze.

Mtanga_wa_Mvita

Dada, mimi kwetu Tanga, nimekaa Mombasa miaka mingi, nikwambie ya upande wa karatasi maana hao wenzangu ni wenyeji hayawahusu.

Hilo la kukata kwenye kodi likubali, ila lipate kwa maandishi kabla hujatoa senti. Hata WhatsApp inatosha kuanzia, mwandikie tumekubaliana natengeneza paa la chumba cha pili, fundi na makuti ni kiasi fulani, tunakata kodi ya mwezi wa tatu, naye ajibu sawa. Bila hivyo mwezi ukifika utasikia maneno mengine. Kodi yenyewe tuma kwa M-Pesa usimpe mkononi, ile meseji ndio risiti yako. Na piga picha ukuta unaobanduka, paa, vitasa, beseni la bafuni, kila kitu, umtumie sasa hivi mkiwa bado mnaelewana, maana dipoziti hugombewa siku ya kuondoka na siku hiyo hakuna anayekumbuka ukuta ulikuwaje ulipoingia.

Umeme ni tokeni, ni kama LUKU ya kwetu, kwa M-Pesa unaingia peibili, yaani namba ya malipo, 888880, akaunti ni namba ya mita, unatumiwa tarakimu 20 unazibonyeza kwenye mita. Uliza kwanza kama mita ni yenu peke yenu au mnashirikiana na nyumba ya nyuma. Mara ya kwanza nunua za hela kidogo usome ile meseji vizuri, kama mita ina deni la aliyetangulia utaliona linakatwa hapo, na hilo deni si lako, mpelekee mwenye nyumba.

Kuhusu ukaaji, sisi wa Afrika Mashariki tukiingia kutembea tunapewa hadi miezi sita, lakini hiyo ni ya kutembea, sio ya kazi. Wewe una mkataba kwa hivyo kibali cha kazi kiwe mkononi, mbane mwajiri wako mpaka akuonyeshe. Na mgeni akikaa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa ajiandikishe apate kitambulisho cha mgeni, hilo linamhusu mdogo wako pia hata kama hafanyi kazi. Uhamiaji wako mjini kisiwani, jengo la Uhuru na Kazi, nendeni wote wawili na pasipoti muulize mkiwa na muda, msisubiri siku zimeisha.

Halafu nenda kwa mzee wa mtaa ukajitambulishe. Hii nyumba kumi, majirani kujuana na kulindana, unaijua kutoka nyumbani, Kenya waliianzisha 2013 wakifuata mfano wa kwetu. Akujue kwa jina, ajue mnaishi wangapi na mtoto anaitwa nani. Kwa mgeni hakuna kinga ya wizi inayoshinda hiyo, hata kufuli.

Ami_wa_Bamburi

Mwanangu, karibu. La bahari niachie mimi, nimevua maji hayo toka kijana.

Bahari yetu hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji huja juu sana na hutoka mbali sana, kati ya kupwa na kujaa yaweza kupita mita 3. Siku za bamvua hapa Mombasa maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne au saa tano. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na saa zake hugeuka, kujaa huwa kwenye saa nne, kupwa saa kumi. Ukishayashika hayo huna haja ya kuuliza mtu.

Mtoto muogeshe maji yakiwa yaja, si yakiwa yatoka. Ndani ya mwamba, yaani kati ya pwani na ule mwamba wa matumbawe, maji yametulia na ni mazuri, hatari iko kwenye mlango, pale mwamba ulipokatika. Maji yakianza kupwa yote yatafuta njia pale na huvuta hata mtu mzima ajuaye kuogelea. Waulize wavuvi mlango uko wapi kwa upande wenu na msiukaribie. Mtoto asizidi maji ya magotini kwake na mkubwa asimame upande wa bahari, si upande wa nchi kavu akiangalia simu. Muvishe viatu vya mpira, mwambani kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, mwiba ukiingia hukatikia ndani.

Sasa ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari yapendeza, usidhani ndivyo ilivyo mwaka mzima. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi ni kusi, upepo watoka kusini na mawimbi yake, vyombo vidogo vingi havitoki, samaki hupanda bei. Madirisha ya upande wa bahari yatie kulabu imara mapema, upepo wa kusi hupiga dirisha mpaka ling'oke. Kipindi hicho pia mwani hutupwa pwani kwa wingi, utaoza na utanuka. Watu wa nyumba za kupangisha huuona uchafu wakaita vijana wauondoe wote. Nawaomba wote mnaosoma hapa, uacheni. Mwani ule ndio washika mchanga usiliwe na mawimbi, mahali panaposafishwa kila siku pwani yaliwa na minazi yaanguka.

Samaki nenda bandani kwa wavuvi wenyewe vyombo vikirudi, tafi, changu, pweza, ununue uwaone wangali wabichi.

Dada_wa_Nyegezi

Shikamoo mzee, asante sana, nimeyanakili yote kwenye daftari. Na lile la ukuta?

MamaAsha_Bamburi

Marahaba kwa niaba ya ami, atakuwa ashalala huyu 😊

Ukuta shoga yangu usiupige rangi ya mafuta kabisa. Huo unga mweupe ni chumvi, iko ndani ya mawe yenyewe na pengine plasta ilichanganywa na mchanga wa pwani, unyevu ukitoka unaileta nje. Rangi ya mafuta inauziba ukuta, chumvi inasukuma kutoka ndani na baada ya muda rangi yabanduka vipande vipande na plasta yake. Chukua brashi kavu, narudia kavu, usioshe na maji, usugue unga wote uanguke, ufagie, halafu upake chokaa. Itarudi tena kidogo kidogo, utasugua tena na kupaka tena, chokaa ni rahisi na ukuta unapumua. Kitanda na kabati visiegemee ukuta huo, acha nafasi mkono upite nyuma.

Vitu vya chuma punguza. Kitanda cha mbao, kabati la mbao, kamba ya nguo ya nailoni sio waya. Kufuli chukua la shaba, hizi za chuma za bei nafuu zinashika kutu ukiwa umefunga ndani au umefunga nje na ufunguo hauzunguki, hebu fikiria uko nje na mtoto kalala ndani. Bawaba za milango zitie mafuta kila mwezi hata kama hazilii. Friji ukinunua liweke upande wa mbali na dirisha la bahari, liinue juu ya vitofali viwili, na upate ile soketi ya kulinda, stima yetu hucheza cheza.

Dirisha la jikoni tia wavu wa waya, tumbili wa Shanzu wana adabu mbovu, watachukua mkate mezani ukiwaona, na kunguru hali kadhalika. Usiwape chakula hata mara moja, na mdogo wako mwambie mtoto asiwape.

Sasa la mbu nilisemee kwa nguvu manake wengi wanadhani neti ya usiku inatosha. Neti weka, malaria ipo. Lakini kuna wale mbu wenye madoa meupe miguuni, hao huuma mchana, na ndio wanaoleta dengi na chikungunya. Chikungunya ilitupiga Mombasa mwisho wa 2017 ikaingia 2018, mimi niliugua, viungo viliniuma hata kushika kikombe cha chai sikuweza, na baada ya homa kuisha maumivu yalikaa. Hao mbu wanazaliana kwenye maji masafi ya kuhifadhi ndani ya nyumba. Ndio hayo mapipa yenu na tanki. Kwa hivyo kila chombo kiwe na kifuniko kinachokaza, si kitambaa si sinia, na kila wiki kimoja kimoja kimwagwe kisuguliwe kwa brashi pembeni, mayai yanaganda pale kwenye mstari wa maji. Kifuu cha nazi uani, tairi, kopo, vyote vigeuze.

Na majirani, pika siku moja upeleke sahani. Usiulize cha kupika, pika cha kwenu. Sahani haitarudi tupu.

Dada_wa_Nyegezi

Jamani mmenisaidia mno, Mungu awabariki. Mwenye nyumba amejibu sawa kwa maandishi, fundi atakuja Jumamosi. Chokaa nimeshapata. Swali la mwisho, mapipa ya maji nikanunue wapi, nimeambiwa Kongowea yapo ya bei nafuu yaliyotumika, je ni salama?

Binti_Kisauni

Kongowea yapo ndio na bei yake nzuri ukijua kuongea, usiende asubuhi sana manake ni wakati wa malori ya mboga na njia haipitiki. Ila pipa lililotumika uliza lilikuwa na nini na usikubali jibu la ah ni safi tu. Mengine yamekuja na kemikali za viwandani na hiyo harufu haitoki wala huwezi kujua imebaki nini ndani. Toa kifuniko, ingiza kichwa unuse, tazama lebo kama haijabanduliwa. Likiwa lilikuwa na mafuta ya kula au juisi chukua, osha na maji moto na sabuni mara kadhaa, lijaze maji ya chumvi likae usiku, mwaga, halafu ndio utie maji. La maji tamu kama unaweza nunua jipya, la chumvi ndio liwe lililotumika. Ukija Kongowea nitumie ujumbe, mimi nina kibanda upande wa mitumba, ntakupeleka kwa muuzaji ninayemjua na tutatafuta tuktuk ya kuyabeba.